Mtumbwi Wako Umekuwa Kaunta

Mzee Shabani, fundi wangu,

Sijui mtu anaanzaje kumwomba radhi aliye kaburini. Basi nianze na habari za bandari, hizo ni rahisi.

Ile kreni yenye kutu imeondolewa. Maghala yaliyokuwa makao ya popo yamepakwa rangi: chini maduka, juu nyumba za kupanga. Kuna hoteli, na gati jipya la boti za wanaokuja kutembea mtoni Jumapili. Ni pazuri, Mzee. Na hilo linaniuma, kwamba hata mimi napaona pazuri.

Mitumbwi haikubaliwi tena pale. Ilihamishiwa kule chini kwenye matete, ambako abiria anashuka na mzigo kichwani na matope yanamfika magotini. Wavushaji walichoka, wakaenda Salamabila kutafuta dhahabu. Kabla ya kuondoka kila mmoja aliniletea mtumbwi wake, nami niliikata. Mwenye hoteli anapenda meza za mitumbwi, na mimi ndiye seremala wake.

Wa kwanza kuukata ulikuwa wako. Ule ulioacha hujaumaliza, ambao mkeo Mama Zaina alinikabidhi baada ya arobaini yako ili niumalize, nivushe watu. Niliupasua kwa msumeno, ukawa kaunta ya baa. Wewe ambaye hukuwahi kuonja pombe. Alama za tezo lako bado zinaonekana. Wateja wanazipapasa na kunisifu mimi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinicheka: "Weye unachonga sawa mutu anakoroga bugali." Kisha ulichukua tezo, ukapita palepale nilipoharibu, yakaisha. Laiti ungenicheka leo.

Mwezi uliopita Mama Zaina alikuja karakanani na kifurushi. Dada yake wa kijiji cha ng'ambo ya mto alikuwa mgonjwa. Akaniuliza, "Mutoto yangu, ile mutumbwi ya muzee iko wapi? Nataka univushe." Boti za hotelini haziendi kijiji kile, na kwenye matete hapakubaki hata mtumbwi mmoja. Nikamwambia ukweli. Hakunitukana. Aliketi juu ya gogo, akafungua kifurushi, akanigawia mihogo aliyompikia dada yake. Nikala, Mzee. Nilikula chakula cha mgonjwa kwa sababu niliona haya kukataa.

Kesho yake nilimwambia mwenye hoteli atafute seremala mwingine. Nikatafuta mti, nikaangusha, nikaanza kuchonga. Nachonga polepole, nawe hupo kunisahihisha. Mama Zaina anapita kila asubuhi, anaangalia, anakwenda zake.

Jana hakupita. Habari ilikuwa imefika kwamba dada yake amefariki.

Pumzika, Mzee wangu. Nakuahidi nitaumaliza mtumbwi huu, na atakayeupanda wa kwanza ni mke wako. Nitamvusha mwenyewe, nimshike mkono ashuke, nimsindikize mpaka kwenye kaburi la dada yake.

Mwanafunzi wako,
Musa