Mama Amekaa

Buyenzi, 12 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, Nafisa na watoto wanakusalimia sana. Wewe je, presha imetulia? Na baridi ya ziwa haikusumbui?

Kiti kimefika? Nilimwambia dereva wetu Darius akifunge vizuri juu ya gari. Kiweke barazani, upande wa barabara. Tangu baba afariki umebeba vikapu vya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, vya kutosha, umetulea kwa mgongo wako. Sasa yule Sikuzani niliyekuletea achote maji, apike, afue, aende sokoni. Wewe kaa. Nataka mtu akipita pale aseme mama Swedi amekaa, mtoto wake anamtunza. Hiyo ndiyo furaha yangu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunasalimiana mpaka unite zinakwisha.

Mwanao,
Swedi


Rumonge, 3 Februari 2025

Mwanangu Swedi,

Wa alaikum salaam. Namshukuru Mungu niko mzima, ila nusu. Nitakueleza.

Kiti ni kizuri, asante, murakoze sana. Watu wanakisifu, na wewe wanakusifu zaidi. Sikuzani ni mtoto mwema. Nikishika ufagio ananinyang'anya, anasema utamkasirikia. Basi nimekaa. Nimekaa mpaka miguu imevimba na magoti yamekataa kukunjika.

Unaijua kazi yangu katika mtaa huu. Mwanamke akifa naitwa mimi kumwosha, tangu wewe hujaoa. Juma lililopita niliitwa. Nilipotaka kumwinua marehemu mgongo, mikono haikumweza, wenzangu wakanipokea. Wakaniambia, "Mama, enda ukakae, wewe iko na mutoto wa kukuchunga." Nilitoka nje nikalia, wala sikuwa namlilia marehemu.

Na Mwanvua ni mgonjwa wa tumbo, hatoki kitandani. Unajua sisi ni marafiki tangu usichana, na tuliahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake. Juzi alinishika mkono akasema, "Batuli, mimi sitaki mikono ya mwingine."

Muuguzi wa kituo cha afya ameniambia sina ugonjwa, viungo vimelala tu, nitembee. Kwa hiyo nimeingia katika kundi la wazee wanaokutana asubuhi ufukoni. Anatuongoza mwalimu Éphraïm, yule aliyewafundisha michezo shuleni, sasa amestaafu. Tunatembea mchangani, tunainua mikono, tunachuchumaa kila mtu kadiri anavyoweza. Bibi Mariam wa Gatete anatuchekesha mpaka tunaanguka chini, na kuinuka tena ndiyo zoezi lenyewe. Mwanangu, nimeanza kupata usingizi.

Mama yako


Buyenzi, 21 Februari 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi kwa heshima. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Sisi tuko wazima, ila mimi sina raha.

Lukeba anayetuletea mawese alinikuta dukani, wateja wamejaa. Akasema kwa sauti, "Swedi, mama yako nimemuona kando ya ziwa anarusha mikono pamoja na wanaume. Biashara yako iko inaenda kweli?" Watu walicheka. Nilicheka nao, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sikukatazi kwa ubaya, mama. Lakini mtu akikuona barabarani alfajiri na viatu vya raba, hatajua kuwa ni mazoezi. Atasema mtoto wako amekuacha ukahangaike. Mimi hapa mjini naishi kwa jina langu. Na kuosha maiti, wapo wanawake vijana wenye nguvu, waachie. Nakuomba uache. Dawa ya magoti nimempa Darius akuletee.

Mwanao,
Swedi


Rumonge, 28 Februari 2025

Swedi,

Amahoro. Barua nimeipata, na dawa pia.

Nimeacha. Nimekaa. Ramadhani njema kwako na kwa watoto.

Mama


Rumonge, 17 Juni 2025

Mwanangu Swedi,

Assalamu alaikum, wewe na nyumba yako. Watoto hawajambo? Nafisa je?

Ulipopiga simu siku ya Idi nilikujibu niko salama. Nilikuficha. Nilikuwa na hasira na wewe, na hasira ya mama kwa mwanawe haina pa kuwekwa, basi nikanyamaza.

Mwanvua amekufa, Ijumaa iliyopita. Watoto wake walinifuata, wakasema ameacha neno niwe mimi. Nilikwenda. Nilimwosha kichwa, nikamwosha upande wa kuume, taratibu, huku nikimsemesha moyoni. Tulipomgeuza tumwoshe upande wa kushoto, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mgongo. Goti likanisaliti. Aliniponyoka, Swedi. Binti yake Aziza alimdaka kabla kichwa hakijagonga ubao. Hakuna aliyenilaumu. Nilimaliza nikiwa nimeegemea ukuta, nikimimina maji tu.

Sikuandiki nikutie uchungu. Ulinipenda kama watu wa huku wanavyowapenda mama zao. Lakini nimeutazama mtaa wetu. Wanawake tuliokuwa tukiosha pamoja, wote tuko barazani. Wana wema wametukalisha. Na hao vijana wenye nguvu unaowasema, wengi wanaiogopa maiti. Kazi hii iko mikononi mwetu sisi, na mikono yenyewe inalala. Basi nijibu hili moja: mimi nikifa, nani ataniosha?

Matanga yamekwisha. Kesho narudi ufukoni. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Mama yako,
Batuli


Buyenzi, 29 Juni 2025

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Pole sana kwa msiba wa mama Mwanvua, Mungu amrehemu. Sisi ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio umekosa utulivu tangu nisome barua yako.

Umeuliza nani atakuosha. Mimi ni mwanamume, siwezi kukuosha, na dada sina. Juzi tukiwa tunakula nikamwuliza Nafisa. Nilitegemea aseme watu watapatikana. Alirudisha tonge sahanini. Halafu akasema, "Ni mimi. Lakini sijui hata pa kuanzia. Mama anifundishe sasa, bado iko na nguvu."

Sikuwahi kuliwaza hilo, mama. Nilidhani nazihifadhi nguvu zako kwa kukukataza kuzitumia, na kumbe nilikuwa nazimaliza mwenyewe.

Mafuta ya gari yakipatikana, Nafisa atakuja na Darius wiki ijayo. Atakaa kwako mpaka wewe useme ameelewa. Usimwonee huruma, akikosea mwambie.

Lukeba alipita tena jana na maneno yake, eti bado anakuona mchangani. Nikamwambia ndiyo, ni mama yangu huyo, na nimefurahi kusikia hajambo.

Tembea, mama. Watu niachie mimi.

Mwanao,
Swedi