Vifungo vya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kubadilishiwa bandeji. Nesi kasema kidonda kinakauka vizuri. Vizuri! Kidole gumba cha kushoto kimebaki peke yake, kama abiria aliyesahauliwa kituoni. Wenzake wanne hawapo.

Daftari hili ni la mabaki ya karatasi niliyokata mwenyewe kiwandani, wakati wa oda ya kalenda. Dada Gundi wa chumba cha kujalidi vitabu ndiye aliyenibandikia. Miaka kumi na tisa nimekata karatasi za watu, sikuwahi kupata siku ya kuandika juu ya yangu. Sasa siku ninazo, tele.

Mama watoto yuko kazini, ni karani wa shule. Binti yuko darasani. Nyumba kimya. Nimejaribu kufungua kopo la siagi. Nimelibana kwa magoti. Limenishinda. Nimekula mkate mkavu.

Jumanne, 4 Machi

Binti kaniwekea gemu lake la ngumi kwenye televisheni. “Baba, utaota kutu kwenye hicho kiti.” Gemu la zamani, alirithi kwa mjomba wake. Bondia wako amekupa mgongo, mpinzani anakutazama. Wapinzani ni kumi na wawili, wa mwisho anaitwa Bingwa. Vifungo vya kulia ni ngumi. Vifungo vya kushoto ni kujikinga na kukwepa.

Nikaiweka rimoti ya gemu pajani, nikacheza na mkono nilio nao. Ngumi tu, basi. Mpinzani wa kwanza ni mnene, anahema hata kabla ya kengele. Kanilaza kwa sekunde arobaini! Binti akacheka. Kisha akauona mkono, akanyamaza. Bora angeendelea kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Binti anasema kuna setingi. “Dakika moja tu, baba. Nahamishia kujikinga huku kulia, unapoteza ngumi moja tu.” Nikamwambia acha. Kwa nini? Nikasema mchana gemu ni langu, nitacheza nitakavyo. Akanuna.

Jibu ninalo ila si la kumpa mtoto. Nimeshapunguzwa vya kutosha. Sipunguzi tena hata kifungo.

Jumapili, 9 Machi

Mnene kalala! Raundi ya pili!

Nimemjua. Kabla hajapiga, bega lake linapanda kidogo. Ukimwahi hapohapo, ngumi yake inafia njiani. Ukichelewa, unakula wewe. Ukila tatu mfululizo, chini — na hapo unabonyeza haraka haraka hadi bondia wako anyanyuke. Leo nimeanguka mara tano na kunyanyuka mara tano.

Mama watoto alikuwa nyuma yangu anakunja nguo. “Si ajikinge basi, huyo mtu wako?”

“Baba hataki,” binti akasema.

Mama watoto akakunja shati langu la kazi. “Hata kazini alikuwa hivyohivyo.” Kwa upole kabisa.

Jumanne, 11 Machi

Msimamizi wa kiwanda kaja. Shati la pasi, boksi la juisi. Pole nyingi, zote kaziambia ukuta. Mkono hakuutazama hata mara moja.

Kisha fomu. *Mimi, mwendeshaji wa mashine ya kukatia karatasi, niliondoa kioo cha kinga kwa hiari yangu, bila kuagizwa na mtu.* Nikitia sahihi, kuna kazi ya getini. Kufungua na kufunga, mkono mmoja unatosha. Mkaguzi wa usalama anakuja tarehe ishirini na moja, kwa hiyo fomu iwe ofisini kabla yake.

Nikasema hiyo sehemu ya hiari yangu si kweli. Akacheka kidogo. “Mzee mwenzangu, si wewe uliyefungua? Kwani nilifungua mimi?”

Hapo kanipata. Nilifungua mimi. Skrubu nne. Ilikuwa oda ya madaftari ya shule, na kile kioo kinachelewesha: kila mkato lazima ukishushe, ukate, ukipandishe. Yeye akasimama nyuma yangu akasema toa hicho kidude, tumalize. Nikatoa. Sikusema hata “lakini”. Kulia nimeshika bisibisi, kushoto napokea skrubu, moja moja. Zilikuwa za baridi.

Siku ya tatu yake, kisu kikashuka.

Fomu nimeichomeka chini ya televisheni. Juisi binti kaimwaga kwenye sinki bila kuulizwa.

Ijumaa, 14 Machi

Wa tano, wa sita, wa saba. Chali wote. Napigwa ovyo, uso wa bondia wangu umekuwa kama kiazi. Lakini nasimama.

Vidole visivyokuwepo vinauma. Vinauma kama vimebanwa na mlango. Nimemwambia mama watoto. Akakaa kitako akaanza kunikanda pale pasipo kitu. Ajabu — vikatulia.

Jumamosi, 15 Machi

Dada Gundi kaja kunijulia hali. Kaleta machungwa, akayamenya mwenyewe na kuniwekea vipande kwenye sahani. Hakutoa maelezo. Mwenye akili.

Tumecheka. Kanipa umbea wote wa kiwandani: mpiga chapa na mkewe hawasemeshani, mhasibu kapaka nywele dawa na sasa zina rangi ya karoti. Anasema bila mimi chumba cha kukatia kimekuwa kama mochwari.

Nikamuuliza kajuaje, yeye si wa kujalidi?

“Wamenihamishia kwenye mashine yako, kaka. Wiki ya pili sasa.”

Nikaacha kutafuna. Nikauliza kioo kiko wapi.

“Juu ya kabati. Msimamizi kasema kitarudishwa asubuhi ya mkaguzi, akishaondoka tutaona.”

Nikamwambia awe mwangalifu. Akasema ndiyo kaka, niko makini. Hilohilo nilikuwa namwambia mama watoto kila asubuhi.

Alipoondoka, binti akanisimamia mbele ya televisheni. “Mbona hukumkataza?”

“Ana watoto wawili anawalea peke yake. Nimkataze, halafu?”

“Halafu wewe useme ukweli, baba.”

Nikamwambia asogee, ananiziba. Akasogea. Sikucheza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika wa kumi na moja, mrefu mwenye mikono kama mikia ya mamba. Saa nzima ananidunda tu.

Mama watoto kaiona fomu alipokuwa anafuta vumbi. Kaisoma kasimama, mpaka chini. “Utasaini?”

Nikasema kazi ya getini si mbaya.

“Sijauliza hivyo.”

Akairudisha palepale, akainyoosha vizuri kama shuka. Kisha yakamtoka: “Unajua kinachonichosha na wewe? Unapigwa, unasimama, halafu unageuka kuniangalia nikupigie makofi. Mimi makofi yameniishia.”

Akaendelea kufuta vumbi. Alifuta meza ileile mara tatu.

Jumatano, 19 Machi

Bingwa kalala. Alasiri, saa tisa na nusu.

Huyu hana bega linalopanda wala jicho la kumfichua. Nimekaa naye tangu asubuhi. Mwishowe nikagundua: kabla hajapiga anatulia. Wengine wote wanajitikisa, yeye anaganda, muda wa kupepesa tu. Nikapiga ndani ya huo mgando. Nikaanguka mara mbili, naye mara mbili. Ya tatu hakuamka.

Wa kumi na wawili! Bila kujikinga hata mara moja, bila kukwepa hata moja!

Fataki zikajaa kwenye skrini. Bondia wangu jicho moja limefunga, kainua mikono juu. Yote miwili. Nikazima.

Binti aliporudi nikamwambia. Akaruka, akanikumbatia, akasema hajawahi kusikia mtu aliyeweza. Nikasema asante. Nilitamani nifurahi. Nilikaa naisubiri furaha kama mtu anayesubiri chafya.

Jambo moja tu limenikaa kichwani tangu hapo. Wote kumi na wawili walinipiga mimi. Muda wote huo, hakuna hata ngumi moja iliyompata mtu aliyesimama pembeni.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia ofisini kwa msimamizi. Kiti cha wageni. Mlango uko wazi, namsikia uani anafoka kwenye simu, anamtafuta meneja.

Nilikuja kuleta fomu. Wallahi nilikuja kuisaini, kalamu nilitoka nayo nyumbani. Nikapita chumba cha kukatia, nisalimie tu. Dada Gundi alikuwa kainama, anasawazisha rundo kwa viganja, mguu uko kwenye pedali. Kisu kiko juu yake, wazi. Hakunisikia, mashine inanguruma. Nikaganda mlangoni. Kisu kikashuka. Akawa ameshatoa mikono — kwa nafasi ya upana wa kipande cha sabuni. Akasukuma rundo lingine. Kisu kikashuka.

Sijui nilivukaje chumba. Nikazima swichi kubwa ya ukutani, nikachomoa ufunguo wa mashine. Ndiyo kwanza akaniona. Akapiga ukelele: “Kaka! Umenishtua!”

Msimamizi akaja mbio. Nikamwambia kioo kirudi sasa hivi, si kesho. Akasema nimechanganyikiwa, mimi si mfanyakazi wa zamu, nirudishe ufunguo. Nikasema na mkaguzi nitamweleza nani aliagiza. Akatabasamu. “Na aliyefungua ni nani?”

“Mimi,” nikasema. Kwa sauti, watu wa kujalidi wote wakasikia. “Nilifungua mimi. Ulisimama nyuma yangu ukaniambia nitoe, nikatoa.”

Tabasamu likamwisha. Akaninyooshea kidole ofisini, nimsubiri humu. Nimekaa. Fomu iko mezani, ufunguo uko mfukoni.

Uani kumenyamaza. Simu imekwisha.

Si yeye aliyeingia. Ni Dada Gundi. Kafunga mlango nyuma yake. Anaongea kwa sauti ya chini. Anasema oda inatakiwa saa kumi. Anasema msimamizi kamwambia mashine isipowaka ndani ya dakika tano, aende na vitu vyake, wapo kumi getini wanaoitaka hiyo nafasi. Anasema, “Wewe kaka una mkeo anafanya kazi. Mimi nina nani?”

Naandika ili nisimtazame usoni.

“Nipe ufunguo, kaka. Nakuomba.”

Kaniwekea mkono hapa mezani, kiganja juu, karibu kabisa na daftari. Anangoja. Vidole vitano, vyote vizima.