Kwa Mama Sindano, Aliyerudia Darasa la Kwanza

Ni mwaka mmoja sasa, mkamwana wangu, tangu uinuke kwenye kigoda chako cha cherehani ukishika kifua, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Kikohozi chako tulikiita cha vumbi la vitambaa. Hakikuwa cha vumbi. Ulilazwa juma moja tu, ukatutoka huku mumeo amekushika mkono.

Tangazo hili la kumbukumbu nimeomba niandike mimi, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne. Mwanangu, mumeo, ni mchomeleaji. Geti atakutengenezea, barua hapana.

Ulikuja kwetu na cherehani moja na mdomo usioishiwa maneno, hata ukiwa umebana pini kwenye meno. Ulipima watu kwa macho. Mgeni akiingia tu, nakuona unamkata mabega. Kila gauni ulilonishonea lilikuwa na kijimfuko cha siri ndani ya pindo. "Cha pipi zako hicho, mama. Daktari asijue." Hajajua mpaka leo.

Mjukuu wangu alipogundulika kuwa ni kiziwi, jamaa walikuja na nyuso za msibani. Wewe ukampa jina la Chiriku. Wifi yako akakuuliza, "Chiriku gani asiyesema?" Ukamjibu, "Subiri mikono yake ikue, utaomba anyamaze." Ukajifunza lugha ya alama kwa wale dada wawili viziwi uliokuwa unashona nao, ukaileta nyumbani kidogo kidogo kama mtu anayebeba maji kwa kata. Mikono ya mtoto ikakua. Akawa na maneno kuliko redio.

Kisha ikaja shule. Mwalimu mkuu alisema, "Tunampokea, mama, lakini mwalimu wa alama hatuna. Labda ukae naye wewe, mpaka tutakapoletewa." Ukasema, "Nitakaa." Wala hukuja nyumbani kutuuliza.

Ukawa unabeba kigoda cha cherehani kila asubuhi, unakwenda kukaa kando ya dawati lake. Mwalimu anasema, wewe unasema kwa mikono. Mwalimu akinyamaza, unatoa nguo ya mteja kwenye mfuko unapiga vifungo. Watoto ndio waliokuita Mama Sindano. Majirani walikucheka: "Mwenzetu anarudia darasa la kwanza!" Nawe ukawajibu, "Narudia, mara ya kwanza sikuelewa." Ulirudia la kwanza, ukarudia la pili, mpaka la nne. Cherehani ukawa unaikalia jioni, mgongo umepinda, na hukuwahi kutuonyesha sura ya kuchoka. Sasa najua ulikuwa umechoka.

Lile darasa zima likajifunza kuongea kwa mikono. Mwalimu wao akawa analalamika kwamba siku hizi wanapiga soga mbele yake na yeye hasikii kitu.

Na jioni, mimi nikitega vitendawili, wewe ndiye uliyekuwa unavipeleka kwa Chiriku. Siku ile nilisema, "Popoo mbili zavuka mto." Kabla hujafika kwenye mto, mtoto alikuwa ameshajigusa macho. Ulicheka ukadondosha pini. Sasa natega kwa mikono yangu hii mizito, naye ananisahihisha kwanza ndipo anajibu.

Wakaja wageni wakubwa kuitazama shule. Wakasema hii ndiyo elimu jumuishi, wakapiga picha, ikabandikwa ofisini. Chiriku anaonekana, ubao unaonekana, wewe umebaki kiwiko tu. Nilikuuliza hiyo elimu jumuishi ni kitu gani. Ukanieleza: ni watoto wote chumba kimoja, anayesikia na asiyesikia, anayekimbia na anayesukumwa kwenye kiti, kila mmoja akifundishwa kwa njia inayomfikia. Nikasema ni jambo jema. Ukasema, "Jema sana, mama. Hapa kwetu ni mimi na kigoda changu."

Nilidhani ni utani wako.

Mkamwana wangu, siku tuliyokuzika tulizika mwalimu wa alama wa shule nzima, na hakuna aliyekuwa amemwajiri.

Miezi ya kwanza Chiriku alibebwa na wenzake darasani. Jirani yake wa dawati alikuwa anamweleza kila kitu kwa mikono mpaka yeye mwenyewe akaachwa nyuma, mama yake akaja juu, na siwezi kumlaumu. Kisha wakaingia darasa la tano. Mwalimu mpya si mtu mbaya. Ila anasema huku anaandika, uso wote umeelekea ubaoni, na Chiriku hawezi kusoma midomo kwenye kisogo. Alikuwa anarudi na daftari jeupe, analiweka juu ya meza taratibu, kama chombo kilichopasuka.

Nikachukua kigoda mimi. Nilikaa juma zima. Mwalimu akasema desimali, nikamwonyesha mtoto nukta. Akaniuliza kwa mikono, "Kwa nini nukta inahama?" Nikamwambia labda imechoka kukaa hapo. Alicheka kidogo, kisha akanitazama akisubiri jibu lenyewe. Mapenzi ninayo, desimali sina.

Basi mwalimu mkuu akamwita mumeo. Akamwambia tulete mtu wa kukaa na mtoto, la sivyo akae nyumbani mpaka mwalimu wa alama apatikane. Ni yule yule mwalimu uliyeahidiwa wewe. Tangu muhula uliopita Chiriku yuko nyumbani.

Anakalia cherehani yako. Anapinda mapindo, na mkono wake ni mzuri, umemrithisha. Jirani aliona akafurahi: "Si mnaona? Mwacheni ashone tu, ndiyo kazi ya watu wa namna yake." Nilimwongezea chai kwa heshima ya ujirani, ila yangu nikashindwa kuimaliza. Kushona ni kazi ya heshima, imetulisha sote. Lakini wewe ulishona ili yeye asome. Hukushona ili ashone.

Watu huandika kwenye matangazo kama haya kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Kwenye moyo wetu, ni kweli. Ila lile la darasani linazibika, mkamwana, na hakuna anayeliziba. Hilo ndilo linaloninyima raha. Nimejitegea kitendawili changu mwenyewe: mlango uko wazi, hakuna aliyemfukuza mtu, na aliye nje hawezi kuingia. Ni darasa la mjukuu wangu.

Alhamisi mumeo alirudi kwa mwalimu mkuu, nami nikamfuata. Akaulizwa tena, "Sasa nani atakaa naye?"

Unamjua mwanangu kwa uchache wa maneno. Akasema, "Hawa wengine wanakaa na nani?"

"Wengine? Na mwalimu wao."

"Basi."

Mwalimu mkuu alipangusa miwani, akaivaa, akaivua tena. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Mzee, unaniweka pagumu." Mumeo akamwambia, "Mke wangu alikaa hapo pagumu miaka minne."

Kwa hiyo Jumatatu shule zikifunguliwa, tunampeleka. Sare yake ameipanua mwenyewe mabegani. Hatupeleki mtu wa kukaa naye. Tutamfikisha langoni, tutamwachia mkono, tutageuka turudi nyumbani. Sijui atakutana na uso wa mwalimu au na kisogo chake. Sijui daftari litarudije, na usiku silali kwa kuwaza. Lakini wewe, katika asubuhi zako zote, hukupata hata moja ya kumwacha mwanao langoni na kwenda zako, kama mama wengine. Hiyo asubuhi tunaidai kwa niaba yako.

Unakumbukwa na mumeo, fundi asiye na maneno. Binti yako Chiriku, ambaye amesema kwa mikono niandike kwamba hajakusahau hata alama moja. Mama yako mzazi. Wifi yako, ambaye siku hizi anajifunza alama na anazikosea vibaya. Dada zako wawili wa cherehani. Na mimi mama mkwe wako.

Tutakukumbuka daima, mkamwana wangu, na Jumatatu asubuhi kuliko siku zote.