Kopi ya Kadi ya Moto

Jumapili, Novemba 2018

Bado naudhika. Binti yangu Hodan kanishinda tena kwenye mchezo wake wa kadi, na leo nilidhani nimemkamata.

Alicheza kadi ya moto, akaongeza nyingine ya kuikopi. Kabla moto haujanifikia, nikaifuta ile ya kwanza kwa kadi yangu. "Ukikata mti," nikamwambia, "kivuli nacho kimekwenda."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kopi ikishatokea inajitegemea. Ya kwanza hata ikifutwa, kopi inaendelea na kazi. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Akanisomea sheria kwenye simu. Nikaungua.

Kinachonisumbua si kadi. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hakisemi, na hapa ughaibuni, Bordesley Green, naona kama kitaishia kwangu.

Halafu, akikusanya kadi zangu zilizokufa, akasema bila hata kuniangalia, "Pooole basi, mama."

Mimi siivuti "pole" hivyo. Aliyekuwa akiivuta ni mama yangu, kwenye simu kutoka Garissa, kila Ijumaa. Tulimzika mwaka jana.