Wakaguzi wa Saa Sita

Jumatatu, 4 Machi

Daktari Blevins aliuza nyumba hii ya wazee mwaka jana na hakuna aliyetuuliza sisi tunaolala humu. Sawa. Ng'ombe naye haulizwi siku ya mnada. Lakini ng'ombe walau humwona usoni anayemnunua! Leo nimemfuata Trent, meneja wa tatu tangu tuuzwe, nikamuuliza mwenye nyumba ni nani. Kasema kampuni. Kampuni ya nani? Ya kampuni nyingine, mama, iko jimbo la Delaware. Na hiyo ya Delaware ni ya nani? Akaangalia saa yake. Nikamwambia, kwetu huku milimani, mtoto mwenye baba wengi hivyo tunasema hana baba.

Sikwenda kwa umbea. Nilikwenda kwa ajili ya Denzil. Mume wangu, miaka hamsini na tisa ya ndoa, yuko upande wa pili, wa waliosahau. Jina langu limemtoka, lakini anajua mimi ndiye wa kugombana naye. Hali mpaka mtu akae karibu, amtie kijiko, amsubiri ameze. Nusu saa nzima. Kule walikuwapo wasaidizi wanne. Sasa ni Misty peke yake na watu kumi na tisa. Sahani inawekwa, sahani inaondolewa. Ratili kumi na moja zimemtoka tangu Krismasi!

Na mimi nimekatazwa kumlisha. Mkazi halishi mkazi, atapaliwa, ndiyo sheria. Kweli mikono inanitetemeka. Lakini mikono hii imelea watoto sita na hakuna aliyekufa kwa kijiko.

Jumanne, 5 Machi

Karatasi ya mlangoni! Kila siku wanalazimika kubandika idadi ya wahudumu. Leo imeandikwa wasaidizi saba. Nimezunguka nyumba nzima na kiti changu cha magurudumu, mara mbili. Nimeona watatu. Niliishia darasa la sita, lakini saba na tatu nazijua, nimefuga kuku. Nikamuuliza Trent wale wanne wako wapi. Kasema wapo kwenye mfumo.

Basi huo mfumo uje umlishe Denzil.

Wilma Jean, ninayelala naye chumba kimoja, anasema lipo jalada la ukaguzi, na sheria inataka tulisome bila kumwomba mtu. Kweli lipo. Juu ya tangi la samaki! Nyumba ya watu wa magurudumu, jalada wamemwekea twiga.

Alhamisi, 7 Machi

Tumelipata. Wilma Jean na lile koleo lake la kuokotea soksi. Jalada lilitua puu! nusura limuue samaki. Nimesoma kwa kidole mpaka macho yakatoa maji. Agosti iliyopita wakaguzi wa jimbo waliona: wanaohitaji kulishwa hawakulishwa. Chini yake wenye nyumba wamejibu: imerekebishwa.

Imerekebishwa! Ningejua neno hilo mapema, kila nilipounguza mkate wa mahindi ningelitamka tu.

Nikamuuliza Misty wakaguzi hurudi lini. Kasema hawasemi, bibi, huja tu. Kama mama mkwe.

Jumatatu, 11 Machi

Nimecheka mpaka Wilma Jean akabonyeza kengele ya muuguzi. (Hakuna aliyekuja.)

Saa tano na nusu kaingia bwana wa koti la kijivu, mkononi ule ubao wa kubania karatasi. Kasimama mlangoni anatazama kuta. Binti wa mapokezi kauona ubao, kapiga simu ofisini kwa sauti ya kunong'ona. Lo! Wanawake wa ofisi wakatoka wamevaa sare za uuguzi, zimekunjamana bado toka kwenye mfuko. Kuku akatolewa, na viazi vya kuponda, na mchuzi mweupe. Kule kwa Denzil walikaa watano, kila mmoja na kijiko chake. Kala sahani mbili! Trent mwenyewe alikuwa anamsukuma mzee mmoja huku na huku, mzee akawa anamuuliza, "Tunakwenda wapi, bwana? Tunakwenda wapi?"

Na yule bwana? Muuza mawe ya makaburi. Alikuwa anatafuta choo.

Jumatano, 13 Machi

Jana nilimpigia simu Shemasi Hobart wa kanisani kwetu. Nikamwambia, Biblia imeagiza kutembelea wagonjwa, na ninyi mmelala. Njooni saa sita mchana, mmoja kila siku, na mje na ubao wa karatasi. Akauliza ubao wa nini, dada Icie. Wa kuandikia maombi. Hapo sikudanganya, maombi ninayo.

Leo kaja mwenyewe, na tai. Sikumwambia avae tai, hiyo ni kazi ya Roho. Hakusema yeye ni nani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wanawake wa ofisi mbio kama vifaranga walioona mwewe! Denzil kala samaki wote na pai ya tufaha.

Jumamosi, 16 Machi

Ratili moja na nusu zimemrudia Denzil! Misty kanionyesha karatasi ya uzito, anacheka huku anafuta macho. Kasema jana alikaa kwenye kiti akala chakula chake mwenyewe cha mchana, mara ya kwanza tangu Januari.

"Bibi, wewe ni shetani."

"Shetani hana mume, mwanangu."

Lakini zamu ya leo ilikuwa ya Ruthanne wa kanisani. Nilimwonya. Nilimwambia, Ruthanne, shika ubao, funga mdomo. Trent akamletea kahawa, akamuuliza kama kuna kitu angependa kukiona. Ruthanne akamshika mkono akamuuliza kama ameokoka. Hawezi kumpita mtu! Hata mbwa wa jirani alishamuuliza.

Trent kaja chumbani kwangu. Meno yote nje. "Bi Icie, naona kanisa lenu lina makaratasi mengi."

Nikamjibu, dhambi nazo ni nyingi.

Jumatatu, 18 Machi

Naandikia mezani, upande wa Denzil. Saa sita na robo mchana.

Kabla ya chakula kaingia mama mfupi, viatu vya mtu anayesimama sana, ubao mkononi. Trent alikuwa mlangoni. "Karibu, dada, na Mungu akubariki, mimi nimeshaokoka." Yule mama akatoa kitambulisho. Trent hakukitazama hata! Akacheka: "Mmetengeneza na vitambulisho! Kaa popote unapopenda." Akachukua koti lake, akaenda zake kula mjini.

Mimi simjui. Wa kanisani nawajua wote, hata wanaopaka nywele rangi. Kaja kukaa mwisho wa meza yetu. Nikamuuliza kama tunavyoulizana huku, wewe ni wa ukoo wa nani? Akainama.

"Wa jimbo, mama. Mkaguzi. Wenzangu wako njiani. Fanyeni tu kama kawaida."

Kama kawaida. Sahani ya Denzil imewekwa saa sita na dakika tano. Maharagwe na mkate wa mahindi, nyama ya nguruwe imesagwa laini. Mvuke umekwisha. Misty yuko meza ya mbali, ana watu watatu na mikono miwili, hajui lolote. Wanawake wa ofisi wamo ofisini, nawasikia wanacheka. Hakuna aliyevaa sare leo.

Nikimwita Misty ataacha wale atakuja mbio, namjua. Ndipo mkaguzi ataandika: amelishwa. Nikinyamaza ataandika alichokiona. Labda watawarudisha wale wanne. Labda wenye nyumba watajibu tena imerekebishwa, nami nitakuwa nimemshindisha mume wangu njaa bure.

Dakika kumi na tano.

Mwili wote unaniambia inuka, Icie, shika kijiko. Naandika ili mikono isipate kazi nyingine. Denzil kaitazama sahani, kaitazama dari, sasa ananitazama mimi. Usinitazame hivyo, mzee! Leo si mimi ninayekunyima.

Ni mimi.

Dakika kumi na tisa. Yule mama kaacha kuandika. Kalamu iko juu, naye haitazami sahani, ananitazama mimi. Denzil amefungua mdomo. Kalamu yangu naiweka chini.