Lebo Iliyojirudia Mara Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu mambo, maana sina shida ya kuniliza, kazi naipenda na nyumbani kuna amani, ila mimi na wifi yangu tunatengeneza draiva, yaani ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na printa, na hii ya sasa ni ya printa ya lebo za dawa, mimi naiandika, yeye anaijaribu kwa roho mbaya, anachomoa waya katikati ya kazi, anazima umeme, na ikimridhisha ndipo anaitia sahihi ya kidijitali, ambayo bila hiyo kompyuta ya mteja inaikataa. Sasa amekwenda kumuuguza mama mkwe, ameniachia kifaa cha sahihi na neno la siri, akasema, "Limebaki jaribio la kuilaza kompyuta na kuiamsha, ikipita tia sahihi mwenyewe." Nimejaribu, kompyuta ilipoamka printa ikatoa tena lebo ya mgonjwa aliyetangulia, nikarudia na kurudia haikutokea tena, kompyuta yangu huwa siilazi kabisa, naiacha macho mchana na usiku, ndiyo maana sikuwahi kuliona hilo, na mwenye duka la dawa anayeisubiri draiva hii anapiga simu mpaka naogopa kupokea, anaandika lebo kwa mkono na wateja wamejaa. Ilikuwa mara moja tu. Nitie sahihi?

Mwenye Haraka

Mwenye Haraka, nimekuonea wivu kidogo, kwa sababu barua za mawifi ninazopokea huwa si za kupendana hivi. Lakini hapo kwenye "mara moja tu" umenitibua. Mimi mambo ya printa siyajui, ila dawa nameza kila asubuhi. Chupa yangu ikibandikwa lebo ya mtu mwingine, kwani nitakufa mara ngapi?

Jibu unalijua, ulitaka wa kukubariki tu. Sikubariki. Rudisha kifaa hicho kwenye droo. Mpigie mwenye duka leo, umwambie lebo ilijirudia na aendelee kuandika kwa mkono. Atanung'unika, mwache anung'unike. Kisha mweleze wifi yako ulichokiona. Na hiyo kompyuta yako ianze kulala kama za wenzako, uilaze huku lebo ikiwa katikati ya kutoka, mpaka hitilafu irudi uone inapoanzia.

Wifi yako angeweza kuondoka na kifaa chake. Amekuachia kwa kuwa anaamini hata peke yako unaweza kukataa kukitumia. Usimwangushe. Draiva ikikaa sawa, tia sahihi bila woga, kisha uniambie duka hilo liko wapi, dawa zangu nitanunua hapo.