Seli Nilizoziruka

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemaliza kuhesabu! Seli mia nne na kumi na mbili kwa maikroskopu, macho yanawasha. Na matokeo — woi! Dawa ikizuia fosfeti isibandikwe kwa ile protini yetu, nyuzi za kugawa seli zinainama. Hazilali sawa tena. Yaani alama hiyo moja ndogo ikikosekana kwa protini, seli haijui ijigawe upande gani. Daktari Esther, msimamizi wangu, amepiga makofi kabisa. Ati hajawahi kuona tofauti kubwa hivyo.
Ningefaa kuwa na furaha.

Jumanne, 4 Machi
Wacha niandike, hakuna mtu atasoma.
Sheria ya maabara: anayehesabu hafai kujua slaidi gani ina dawa. Mzee Wabuge, fundi wetu, anazipa namba tu, orodha ya zenye dawa inabaki kwa daftari ndani ya droo yake. Akienda chai huniachia ufunguo, sababu glavu ziko humo. Wiki jana nilichukua glavu. Halafu nikafungua daftari lake. Nilitaka tu kujua kama niko njia sawa!
Sijabadilisha pembe ya nyuzi hata moja. Zote nilizoandika ni za kweli. Lakini kuna seli zenye ukungu, unaamua mwenyewe uhesabu ama uruke. Ile ya dawa ikiwa imelala sawa — haionekani vizuri, ruka. Ikiinama — ah, hiyo inaonekana! Nimeruka ngapi? Sijui. Nasikia aibu hadi masikioni.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari amempa Vivian slaidi zangu azihesabu upya kabla ripoti itumwe. Ni kawaida, ati. Mzee amebandua namba za kwanza, akaweka mpya, na orodha mpya. Vivian tunasoma naye masters. Anahesabu polepole kama mtu anachagua mchele, haruki kitu.
Nikasema "sawa kabisa" na nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Jumatatu, 10 Machi
Hakuna tofauti. Vivian hajapata kitu! Zenye dawa, zisizo na dawa, zote zimelala vile vile.
Daktari aliweka karatasi zetu mbili mezani. Halafu akasema lazima Mzee alichanganya namba akizibadilisha. Ni umri, ni macho, si kupenda kwake. Alisema kwa upole, hata akasikitika. Kisha akaniangalia. Ningesema hapo. Sentensi moja tu.
Nikasema, "Labda."
Labda! Mimi Kageha, mtoto wa shemasi!

Jumanne, 11 Machi
Mkataba wa Mzee unaisha mwezi huu. Ijumaa ataitwa mbele ya kamati, waamue kama anaongezewa ama anaenda nyumbani. Amekodi shamba huko Soy, ameshalima, anangoja mvua tu. Ana msichana kidato cha tatu.
Leo alikuja kwa meza yangu na daftari. "Mama, hebu nisomee, labda mimi naona vibaya." Nikamsomea namba zote kumi na mbili, yeye akiangalia slaidi moja moja. Zote ziko sawa. Akavua miwani, akapangusa na koti. "Sasa nilikosea wapi?"
Hakukosea mahali popote. Nilienda choo nikalia, nikafungua mfereji wa sinki ndio nisisikike. Hata kulia nalia kwa ujanja.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefika hadi mlangoni kwa Daktari. Nikabisha. Akauliza, nini mbaya? Nikamwomba stepla.
Sina hata haja nayo.

Ijumaa, 14 Machi
Saa nne na robo. Niko kwa benchi nje ya ofisi, naandika kwa sababu nikikaa bure nitatoroka. Mzee ako ndani. Naona kivuli cha Daktari kwa kioo cha mlango, mkono unapanda na kushuka. Nikiongea, masomo yangu yameisha, na Baba atajua. Nisipoongea, Mzee ndiye ameisha. Nimehesabu hiyo mara mia na jibu ni moja, na bado nimekaa!
Ametoka. Amevaa suti ya kanisa, ile ya kahawia. Anatabasamu! Ameketi kando yangu, nimefunika daftari na kiganja, naandika tu kidogo kidogo.
Anasema wamemuuliza kama kuna mtu anaweza kumsemea. "Nikawaambia, si muulize Kageha? Huyo ndiye anajua kazi yangu. Na huyo msichana hawezi danganya."
Nimesema, "Mzee —"
Mlango umefunguka. Daktari ameita jina langu. Mzee ananisukuma na kiwiko, polepole, vile Baba hunifanyia nikiitwa kuomba mbele ya watu.
"Enda, mama. Sema tu vile unajua."